Maonesho ya klabu ya historia: chumvi ya Gandhi ilivunjaje sheria, na sisi Njombe tunaionyeshaje pasipo bahari?

mwalimu_wa_zamu (Njombe)

Wakuu, heshima kwenu.

Klabu ya historia ina meza moja kwenye maonesho ya mwisho wa muhula. Kidato cha tatu wamechagua Wahindi walivyodai uhuru kwa Mwingereza, na wamegoma kabisa kubandika picha ya mzee mwenye fimbo halafu wasome karatasi. Wanataka chumvi itengenezwe pale pale, watu waione.

Yale ya kitabuni ninayo: Gandhi akatembea mpaka baharini, akaokota chumvi, serikali ikatikisika. Mtoto akiniuliza "itikisike kwa chumvi?" sina jibu linaloshika. Naomba msaada kwa haya:

1. Sheria aliyoivunja ilisema nini hasa, na kwa nini chumvi wakati kodi zilikuwa nyingi?
2. Chumvi inatokaje kwenye matope, kwa vipimo, ili tuifanye kwa jiko la mkaa?
3. Safari yenyewe iliendeshwaje? Wanafunzi wanataka kuchora ramani.

Nawasilisha.

Kihesa_Juu (Iringa)

Mwalimu, namba moja ndiyo yenye utamu.

Sheria ni ya mwaka 1882. Kutengeneza na kuuza chumvi kukawa mali ya serikali na wale iliowapa kibali. Kwa hiyo mwanakijiji wa pwani ya Gujarat, magharibi mwa India, ambaye maji yakipwa chumvi inabaki nyeupe juu ya matope hatua chache kutoka mlangoni kwake, akiinama akaichota ni mhalifu. Anatakiwa aende dukani akainunue ikiwa imeshatozwa kodi.

Kodi yenyewe mwaka 1930 ilikuwa rupia 1 na ana 4 kwa mzigo wa kilo 37 hivi. Rupia moja ni ana 16, kwa hiyo kilo moja ilibeba kama nusu ana. Mtu akila kilo 6 kwa mwaka, kodi yake haizidi sana ana 3. Ni kidogo, na ndiyo maana wakubwa walicheka. Gavana Mkuu, Lord Irwin, aliandika London kwamba habari ya chumvi haimnyimi usingizi. Hata ndani ya Congress, chama cha Gandhi kilichodai uhuru, kulikuwa na viongozi walioguna: Nehru hakuelewa mwanzoni, na Patel alitaka wagomee kodi ya ardhi.

Lakini pato la Mhindi wa kawaida kwa siku lilikuwa ana 2 tu, au pungufu. Gandhi aliliweka hilo kwenye barua yake kwa Irwin ya tarehe 2 Machi 1930, akalinganisha na mshahara wa Irwin mwenyewe: rupia 21,000 kwa mwezi, zaidi ya 700 kwa siku. Wape wanafunzi wafanye hesabu ubaoni. Rupia 700 mara 16 ni ana 11,200. Gawa kwa 2. Bwana mmoja anakula cha watu 5,600. Hilo bango peke yake linatosha kusimamisha watu mezani.

Sasa kwa nini chumvi na siyo ardhi. Kodi ya ardhi unaigomea kwa kutolipa, unakaa kimya nyumbani. Serikali nayo inakufuata mmoja mmoja: inakamata nyati, inapiga mnada shamba. Bardoli mwaka 1928 walifanya hivyo chini ya Patel na wakashinda, nyongeza ya asilimia 22 ikashuka mpaka 6 na kidogo. Lakini ilibidi wajifungie ndani pamoja na nyati wao, vijana wakilinda njia na kupiga ngoma afisa akionekana. Wilaya moja inaweza. Nchi nzima haiwezi, maana mwenye shamba ana cha kupoteza na asiye na shamba hana cha kugomea.

Chumvi inavunjwa kwa kutenda. Mwenye shamba, kibarua, mama wa nyumbani, Mhindu, Mwislamu, kila mmoja anaweza kuchemsha sufuria moja hadharani saa nne asubuhi. Na ukimkamata unakamata nini? Sufuria na gramu mia za chumvi chafu. Usipomkamata, sheria imekufa mbele ya kijiji kizima. Serikali ilikuwa imewekwa mahali ambapo kila mlango ni wa hasara.

Hapo ndipo pa kumjibu yule mtoto. Hesabu ya kodi ni ndogo. Kilichotikisika ni amri.

gunia_la_mkaa (Mbeya)

Nachukua namba 2. Naanza na onyo la hesabu, maana wengi wanadhani unachemsha maji ya bahari unapata chumvi ya kutosha.

Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi za kila aina gramu 35 hivi. Ile ya kula ni kama 27. Nyingine ni za magnesi, jasi na kadhalika. Jiko letu la kawaida, kilo 1 ya mkaa inakausha lita 2 mpaka 2 na nusu. Maana yake lita 10 za bahari zitakula kilo 4 au 5 za mkaa, ukabaki na gramu 300 za chumvi chungu. Ndiyo maana chumvi ya bahari ya biashara kwa kawaida hukaushwa kwa jua kwenye mabwawa, na ndiyo maana watu wa Gujarat hawakuchota bahari: walichota matope ambayo jua lilikwisha kuyafanyia kazi. Simulizi zinasema polisi walitangulia Dandi, kijiji cha pwani alikokwenda Gandhi, wakaivuruga ile chumvi nyeupe ndani ya tope, ndiyo Gandhi akaokota bonge lenye udongo. Tope lenye chumvi unaliosha kwanza, kisha unachemsha. Kazi ni hiyo hiyo ya Ivuna, kule bonde la Rukwa, ambako watu wamechuja udongo wa chemchemi na kuchemsha kwa karne nyingi. Wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vyao. Msione mnaigiza jambo la ugenini.

Kwa mezani fanyeni hivi.

Siku tatu kabla: chukua kilo 2 za mchanga wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Yeyusha gramu 250 za chumvi ya mawe kwenye robo tatu lita ya maji ya moto, mwagia kwenye mchanga, tandaza kwenye sinia juani. Ukikauka utaona ukungu mweupe juu. Hiyo ndiyo "Dandi" yenu. Njombe na ule ukungu wake, kama jua halitoki, kausheni karibu na jiko la shule.

Siku yenyewe: mchanga kwenye ndoo, maji lita 1 na nusu, koroga dakika tano, acha utulie nusu saa. Mimina maji ya juu polepole kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Mtapata kama lita 1. Nusu lita itabaki imenyonywa na mchanga, na theluthi ya chumvi imebaki nayo. Kwa hiyo mkipata gramu 150 na ushee msidhani mmekosea. Mkitaka iliyobaki, osheni mara ya pili, ila hayo maji ni mepesi na mkaa utaenda bure.

Kuchemsha: chombo kipana, siyo kirefu. Chungu kipana cha udongo au sufuria ya stili. Ya alumini msitumie, chumvi inaitoboa vitobo vidogo, hasa ikilazwa humo usiku. Lita 1 ichukulieni saa nzima. Maji yakishuka chini ya nusu lita utaona utando juu kama wa maziwa: hapo yamekwisha kushiba na chumvi inaanza kuanguka. Punguza moto wakati huo huo. Ukiacha moto mkali inaanza kuruka kama karanga kikaangoni, na inaunguza macho. Watoto wakae hatua mbili nyuma, mmoja tu akoroge kwa mwiko mrefu.

Msikaushe mpaka tone la mwisho. Kwa maji halisi ya bahari yale ya mwisho ndiyo yenye magnesi, yanayoleta uchungu na kuifanya chumvi ivute unyevu ikawa tope tena kesho yake. Zoa chembe zikiwa bado na maji kidogo, weka kwenye kitambaa zichuje.

Mnapoharibu mara nyingi ni kwenye udongo. Msitumie huu mwekundu wa kwetu. Ule mfinyanzi hautulii kwa nusu saa wala kwa nusu siku, mtachemsha chai ya rangi.

La mwisho: isigawiwe kuonjwa. Imepita kwenye mchanga, na hata mkianza na chumvi yenye madini joto, baada ya kuosha na kuchemsha hamjui yamebaki kiasi gani. Nyanda za juu kusini habari ya tezi la shingo tunaijua. Ionyesheni kwenye kisahani, basi.

Uyole_Njiapanda (Mbeya)

Safari. Ilianza 12 Machi 1930 Sabarmati, karibu na Ahmedabad, ikafika Dandi 5 Aprili. Siku 24, kama kilomita 385. Kwa kipimo cha huku: Iringa mjini, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Mbeya mjini, na bado una njia mbele. Kwa mwendo wao, kilomita 16 hivi kwa siku, Mafinga wangeifikia siku ya tano. Chora hiyo kando ya ramani ya Gujarat, wageni wataelewa bila maelezo.

Walioanza naye walikuwa 78, wanaume watupu. Majina yalichapishwa gazetini, polisi waone. Gandhi alikuwa na miaka 60. Walitembea vipande viwili, alfajiri na jioni, mchana mapumziko, Jumatatu hawatembei. Kila mtu alitakiwa asali, asokote uzi na aandike shajara. Wanafunzi wa chuo walitangulia kijiji kwa kijiji kupanga pa kulala, na kuuliza maswali: watu wangapi, wasioguswa (watu wa tabaka la chini kabisa) wanachota maji wapi, kodi ya ardhi kiasi gani, nani amevaa kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Akifika Gandhi anahutubia kwa takwimu za kijiji hicho hicho. Aliwataka pia wakuu wa vijiji, wale watumishi wa serikali, wajiuzulu, na mamia walifanya hivyo. Hilo vitabu vyetu hulipita mbio, wakati serikali liliiumiza: mkuu wa kijiji ndiye mkusanya kodi.

Kuna jambo la Bhatgam, 29 Machi, ambalo mngeliigiza. Wenyeji walileta mboga na maziwa kwa gari kutoka Surat, na usiku msafara ukamulikiwa na karabai kubwa iliyobebwa kichwani na kibarua, huku akihimizwa atembee haraka. Gandhi alisimama akawasema wenzake mbele ya kijiji: tumemwandikia Gavana kuhusu mshahara wake, sisi wenyewe tunakula cha nani? Mtoto mmoja, ndoo kichwani badala ya taa, mwingine anamsukuma "twende twende". Dakika mbili, inatosha.

Kuokota chumvi ni 6 Aprili asubuhi. Tarehe ilichaguliwa: 6 Aprili 1919 ndiyo siku ya mgomo wa nchi nzima, wiki moja kabla ya mauaji ya Amritsar, ambako hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu 379 waliouawa kwa risasi. Akakamatwa pale pale Dandi.

Kihesa_Juu (Iringa)

@Uyole_Njiapanda hapo mwisho rekebisha mkuu. Hakukamatwa Dandi wala Aprili. Walimwacha karibu mwezi mzima, ndilo kosa lao. Alichukuliwa usiku wa manane kuamkia 5 Mei, akiwa Karadi, kwa kanuni ya zamani ya mwaka 1827 iliyoruhusu kumweka mtu ndani bila kumfikisha mahakamani. Mahakamani angehutubia.

Uyole_Njiapanda (Mbeya)

Sahihi, nimeteleza. Karadi, Mei.

mtu_wa_Rungwe (Tukuyu)

Msipomalizia na Dharasana mtakuwa mmeuza hadithi tamu. Tarehe 21 Mei 1930, Gandhi akiwa gerezani Yerwada, watu kama 2,500 wakiongozwa na Sarojini Naidu waliandamana kuelekea ghala la chumvi la serikali. Walikwenda kwa safu. Polisi walikuwa na fimbo ndefu za mwanzi zilizofungwa chuma nchani. Safu inafika, inapigwa, hakuna anayeinua mkono hata kujikinga kichwa, wanaondolewa kwa machela, safu nyingine inakuja. Mwandishi wa Marekani, Webb Miller wa United Press, alikuwepo, akahesabu majeruhi 320 hospitalini, na wawili walikufa. Ghala halikutekwa. Taarifa yake ilikwenda magazeti mengi duniani, na hapo ndipo serikali ilipopata hasara.

Na msiseme chumvi ilileta uhuru. Mwaka ule walifungwa zaidi ya 60,000, halafu makubaliano ya Gandhi na Irwin ya 5 Machi 1931 yakatoa nini? Walio jirani na chumvi wachote ya matumizi yao. Sheria na kodi vikabaki, mpaka serikali ya mpito ya Nehru miaka 15 na ushee baadaye. Uhuru ni 15 Agosti 1947, na kati yake kuna vita kuu ya pili, harakati ya 1942 ya kumwambia Mwingereza aondoke, jeshi la kupigania uhuru la Subhas Chandra Bose, na maasi ya mabaharia Bombay Februari 1946, ambayo kwa maoni yangu yaliwatia hofu London kuliko chumvi: askari wako mwenyewe akikugeuka huna dola. Dalili ilishaonekana Peshawar, Aprili 1930, kikosi cha Garhwal, cha askari Wahindi, kilipokataa kuwafyatulia watu risasi. Waislamu wengi, ukiacha Peshawar kwa Abdul Ghaffar Khan, hawakuingia kwa wingi mwaka ule. Mwisho wake mnaujua, nchi mbili.

Mkitaka kulinganisha na kwetu, msikimbilie "Nyerere alimwiga Gandhi". Alimheshimu, ndiyo, na TANU haikushika silaha. Lakini Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kusema kwenye Baraza la Udhamini. Gandhi hakuwa na mlango huo. Mfano wa karibu zaidi ni kushindwa: wao maasi ya 1857, sisi Mkwawa mpaka 1898 na Maji Maji 1905. Pande zote mbili bunduki zilijaribiwa kwanza.

mwalimu_wa_zamu (Njombe)

Wakuu mmenitoa mbali. Hesabu ya ana na karabai zinaingia, Dharasana tutaisoma tu, hatutaigiza.

Moja limebaki. Wanafunzi wanataka kusokota uzi. Gurudumu hatuna, na pamba tuliyo nayo ni ya duka la dawa. Inakatika kila mara. Shida mkono au pamba?

gunia_la_mkaa (Mbeya)

Pamba. Ya duka la dawa imechemshwa na dawa mpaka nta yake yote imetoka, na nyuzi zake ni fupi. Nyuzi zinateleza badala ya kushikana. Tafuteni pamba mbichi isiyochambuliwa, ya Kanda ya Ziwa. Robo kilo inazidi mahitaji. Toeni mbegu kwa vidole, kisha muichambue mpaka iwe kama wingu, muivingirishe kwenye kijiti cha unene wa penseli mpate vipande vya urefu wa kiganja.

Gurudumu halihitajiki. Kuna kijiti kiitwacho takli, chepesi, kinaingia mfukoni. Njiti ya baiskeli iliyonyooka, sentimita 18 hivi, na kisahani cha bati au mbao cha sentimita 3 karibu na mwisho wa chini. Vyote pamoja visizidi gramu 20. Ncha ya juu ikunjwe kama ndoana. Ncha ya chini ikae kwenye kibakuli, izunguke kama pia. Isining'inizwe hewani, uzito utaukata uzi wa pamba.

Kosa la mkono ni moja: kuvuta kabla ya msokoto kufika. Zungusha kwanza, ngoja uone msokoto unapanda, ndipo uvute sentimita mbili tatu. Uzi ukiwa mnene mahali na mwembamba pengine si neno, hata wao walianza hivyo.

Kihesa_Juu (Iringa)

Fimbo ya Gandhi ni ya mwanzi, ndefu karibu kufika mabegani. Kateni uliokomaa, uliokauka. Na ombeni kwanza, msiende kukata kwenye mianzi ya ulanzi ya watu. Kule Gujarat mwaka ule walikata mitende inayogemwa tembo kwa maelfu ili kuikosesha serikali ushuru wa pombe, na akina mama wakasimama milango ya vilabu. Huku kwetu kampeni hiyo isingefika saa sita mchana.

mwalimu_wa_zamu (Njombe)

😂 Mwanzi tutanunua. Kuna mwenye pamba mbichi anayepita Makambako wiki ijayo?